Mbuzi wa Maziwa Nairobi: Malisho Yako Uani

Mbuzi wa maziwa anayefugwa Kangemi, Uthiru, Kawangware au Dagoretti hulishwa kana kwamba ni ng'ombe aliyepunguzwa kimo. Asubuhi hutupiwa nepia, yaani nyasi tembo zilizofika kwa mkokoteni au pikipiki. Mchana hupewa mabua ya mahindi, na jioni, wakati wa kukamua, hupimiwa kopo la chakula cha mchanganyiko kutoka agroveti. Utaratibu huu wote umetoka katika zizi la ng'ombe wa gredi, ambaye ndiye aliyewafunza watu wa Kiambu na magharibi mwa Nairobi kufuga mnyama bandani. Nadhani haumfai mbuzi, na haufai mji. Mimea mbadala ya malisho, kuanzia kaliandra na mforosadi hadi marando ya viazi vitamu na alizeti-mwitu, imezoeleka kutajwa kama kitu cha kuvukia kiangazi tu, nepia inapokauka. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mimea hiyo inastahili kuwa nguzo ya protini mwaka mzima, na kwamba ardhi ya kuioteshea ipo hata kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia: ni ule ukanda wa mpakani ambao leo umepandwa maua ya urembo, au haukupandwa kitu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ng'ombe huzungusha ulimi akang'oa nyasi kwa wingi, wala hachagui sana. Mbuzi ana midomo myembamba inayofanya kazi kama vidole, naye huchambua: jani kwanza, kikonyo baadaye, shina gumu huliacha. Akiachiwa huru husimama kwa miguu ya nyuma akafikia matawi yaliyopita kimo cha mtu. Ndiyo maana mfugaji anayemtupia nepia iliyokomaa huikuta nusu yake imekanyagwa sakafuni, akasema mbuzi ni mharibifu. Jike la kilo 50 linalokamuliwa huhitaji takriban kilo 2 za chakula kikavu kwa siku, yaani uzito unaobaki maji yakiondolewa, na ndani yake protini iwe karibu asilimia 14 au zaidi. Nepia iliyokatwa kwa wakati hutoa asilimia 8 hivi. Iliyocheleweshwa hushuka chini ya hapo, na mabua makavu ya mahindi hayafiki hata asilimia 6. Chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumbo la kwanza, ambavyo ndivyo vinavyomvunjia mbuzi nyasi, hupungukiwa na riziki yao. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hula kidogo zaidi. Hivyo mbuzi anaweza kushinda na njaa ya protini huku tumbo limejaa, na mwenyewe asielewe kwa nini maziwa yamekatika wakati hori halijawahi kuwa tupu.

Jitihada kubwa nchini zimewekwa kwenye damu kuliko kwenye hori. Katika miaka ya 1990 shirika la FARM-Africa lilipeleka mbuzi aina ya Toggenburg Meru, na katika muongo huohuo mradi uliofadhiliwa na Wajerumani ukaeneza mbuzi wa Alpine kutoka upande wa Nyeri kupitia chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, DGAK. Kazi hiyo ilizaa matunda, na machotara wengi waliomo mabandani Dagoretti na Kikuyu asili yao ni huko. Lakini jike awezaye kutoa lita 2 au 3 kwa siku akilishwa vizuri, ukimlisha mabua atarudi karibu na kiwango cha bibi yake wa kienyeji. Aliyelipa bei ya mbegu bora kisha akamlisha takataka amenunua chupa ya bei ghali ya kutilia maji ya mtaro.

Na nepia yenyewe haipatikani kama zamani. Udongo mwekundu wenye kina wa Kabete, Uthiru na Dagoretti, uliokuwa ukiotesha nyasi kila ukingo, sasa umebeba ghorofa za kupangisha. Barabara kuu ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 hadi makutano ya James Gichuru ilipita juu ya Waiyaki Way, na barabara ya mchepuko wa magharibi kutoka Gitaru hadi Ruaka ikameza mashamba na kingo zilizokuwa zikikatwa majani. Tangu mapema miaka ya 1990 nepia ya nyanda za kati imekuwa ikishambuliwa na kuvu inayogeuza masuke kuwa unga mweusi na kudumaza shina, kiasi kwamba watafiti walilazimika kutoa aina zinazostahimili, Kakamega 1 na Kakamega 2. Kisha ukaja ule ukame wa kati ya mwisho wa 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli katika sehemu kubwa ya nchi. Nyasi za mizizi mifupi hazina kinga dhidi ya mwaka kama huo. Mti ambao mzizi wake umezama unaweza kubaki na jani la kijani Februari, wakati nepia imegeuka kamba.

Jibu la kawaida la upungufu huu ni kuongeza kopo la chakula cha dukani, na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mfuko tu likawa la afya. Chakula hicho hutegemea pumba na viini vya mahindi, pamoja na mashudu ya pamba, alizeti na soya ambayo sehemu kubwa hutoka nje ya nchi. Hivi ndivyo vitu vinavyobeba sumu ya kuvu, aflatoksini. Wakenya hawahitaji kuelezwa sumu hiyo ni nini: mwaka 2004 mahindi yaliyoingia ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa nchi, na Machi 2021 serikali ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Mnyama akiila, sehemu yake hupita mwilini ikabadilika kidogo na kutokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Utafiti wa Erastus Kang'ethe wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kupima vyakula vya ng'ombe na maziwa katika miji kadhaa ya Kenya, Nairobi ikiwemo, ulikuta asilimia 86 ya sampuli za chakula kutoka kwa wafugaji zina aflatoksini, na karibu theluthi mbili ya hizo zimepita kiwango kinachoruhusiwa. Hao walikuwa ng'ombe, lakini gunia ni lilelile na duka ni lilelile. Maziwa ya mbuzi mjini hununuliwa hasa kwa ajili ya watoto, wazee na wagonjwa, kwa imani kwamba ni mepesi na ni salama. Anayeuza kwa imani hiyo ana wajibu wa kujua kilichoingia kinywani mwa mbuzi. Jani bichi lililokatwa asubuhi halijapitia ghala lenye unyevu.

Je, jani linaweza kuziba pengo la gunia? Ushahidi bora tulio nao ulipatikana Embu miaka ya 1990, ambako watafiti wa kilimo, misitu na kilimo-mseto walifanya majaribio ya kaliandra, kichaka cha asili ya Amerika ya Kati, katika mashamba ya wafugaji wenyewe. Waligundua kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zilifanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani chenye protini asilimia 16, na kwamba miti 500 hivi ilitosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kwa siku mwaka mzima. Kufikia katikati ya muongo wa 2000, zaidi ya wakulima 200,000 katika Kenya, Uganda, Rwanda na kaskazini mwa Tanzania walikuwa wamepanda vichaka vya malisho. Sasa tupeleke hesabu hiyo kwenye ploti ya Uthiru. Futi hamsini kwa mia ina mzunguko wa mita 91. Toa lango na ukuta wa nyumba, zibaki mita 80. Ukipanda miti miwili kila mita unapata 160, ambayo kwa kipimo cha Embu hutoa karibu kilo 2 za majani mabichi kila siku. Ng'ombe hiyo haimtoshi hata kidogo. Kwa mbuzi mmoja ni takriban theluthi ya chakula chake chote, na ikiungana na nepia hupandisha protini ya mlo kutoka asilimia 8 hadi karibu 12. Pengo linalobaki linazibwa na marando ya viazi vitamu au mforosadi kidogo. Mvua ya Embu ni nyingi kuliko ya Dagoretti, kwa hiyo mtu mwangalifu atapunguza hesabu hii kwa kiasi fulani. Hata ikipunguzwa, bado ua wa ploti moja unatoshana na mbuzi mmoja kwa namna ambayo hautoshani na mnyama mwingine yeyote wa maziwa.

Kaliandra haiko peke yake, na ua wa mti wa aina moja ni ua unaongoja mdudu wake. Lusina, mti mwingine wa malisho, ilitufundisha hilo: ilisifiwa kote kama mti wa miujiza, hadi mwaka 1992 chawa wa lusina walipoingia Kenya na kuiacha na ncha zilizonyauka. Mforosadi ndio ningeuweka wa pili, pengine wa kwanza kwa mtu mwenye nafasi kidogo, kwa sababu hushika kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini msimu wa mvua, majani yake yana protini ya asilimia 15 hadi 25, humeng'enywa kwa urahisi kuliko karibu kila kichaka kingine, na watoto hupata matunda. Marando ya viazi vitamu hutambaa chini ya vichaka yakaficha udongo usikauke. Alizeti-mwitu, ile ya maua ya manjano inayoota yenyewe kwenye mitaro ya Kikuyu na Kabete, ina protini nyingi lakini ni chungu, na mbuzi huikubali pole pole ikichanganywa. Maigoya na muthakwa, ambayo wazee wa Kikuyu waliyajua kabla ya taasisi yoyote ya utafiti, yana nafasi yake pia kama kiungo. Kuna pia faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: kuepuka minyoo. Mabuu ya minyoo inayonyonya damu ya mbuzi hupanda kwenye majani mafupi yenye umande, sentimita chache tu kutoka kwenye kinyesi. Mbuzi anayefungwa kamba kwenye nyasi fupi kando ya barabara hula mlo na ugonjwa kwa pamoja, ilhali anayekula jani lililokatwa kimo cha kiuno ameepuka sehemu kubwa ya balaa hilo.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ya kwanza ni ya kweli: vichaka hivi vina kemikali za kujilinda. Kaliandra imejaa tanini, zinazoshika protini na kuizuia isimeng'enywe; ndiyo sababu haifai kuzidi theluthi ya mlo, na ndiyo sababu hutolewa mbichi, kwani kuikausha juani kunaweza kuifanya iwe ngumu zaidi tumboni. Lusina ina mimosini, inayoleta rovu na kunyonyoa manyoya. Lakini hadithi ya mimosini ndiyo inayonipa matumaini. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wakila lusina bila kudhurika huku mbuzi wa kwao wakiugua. Tofauti haikuwa kwenye mti wala kwenye damu ya mbuzi. Ilikuwa kwenye bakteria wa tumboni, ambao walipohamishiwa wanyama wa Australia waliondoa tatizo, na mwaka 1992 bakteria hao wakapewa jina lenye kumbukumbu yake, Synergistes jonesii. Tumbo la mbuzi ni bustani ya vijidudu, na bustani hubadilika kwa mazoea. Mfugaji anayeleta kaliandra gunia zima siku ya kwanza kisha akasema mbuzi wameikataa hajalipa tumbo muda. Chopa moja leo, mbili wiki ijayo, na baada ya wiki tatu au nne mnyama yuleyule atakuwa akiigombania.

Onyo ambalo ningelipa uzito zaidi linahusu mimea isiyopandwa na mfugaji mwenyewe. Neno mbadala linatumiwa vibaya na wanaodhani kila kijani ni malisho. Hakuna mti ulioenea nyuma ya nyumba za Dagoretti na Kikuyu kuliko avokado, na kukata matawi yake kumpa mbuzi huonekana kuwa busara. Kumbe majani ya avokado zenye damu ya Guatemala, na Fuerte na Hass zinazotawala huku zote zina damu hiyo, yana persini, sumu inayoshambulia tishu za kiwele cha jike anayenyonyesha. Kiwele huvimba, maziwa hukatika, na mwenye mbuzi hununua dawa ya vijidudu kutibu ugonjwa usio na kijidudu. Lantana, iliyojaa kila uwanja mtupu kuanzia Ngong Road hadi Waiyaki Way, huharibu ini na kufanya ngozi iungue juani. Oleanda, ya waridi na ya manjano, inayopendwa kwenye bustani za Lavington na Karen, huua kwa majani machache. Mabaki ya kukatia maua kutoka mitaa ya kitajiri, ambayo wengine huyaona kama hazina ya bure, hayafai kupakiwa ovyo kwenye gari. Yanafaa pale tu mkata bustani na mwenye mbuzi wanapojuana na kujua majina ya mimea.

Mabaki ya soko nayo yana mipaka. Katikati ya mji, Soko la Wakulima, Marikiti, hutupa kila siku majani ya kabeji, maganda ya mahindi mabichi na mikungu ya ndizi, na Kangemi na Kawangware zina masoko yao. Kutumia mabaki haya ni jambo jema kwa mji unaolemewa na taka. Ila jani la kabeji ni maji kwa zaidi ya tisa ya kumi, na shina la mgomba vivyo hivyo: gunia la kilo 20 lina chakula kisichozidi kilo 2. Ni kinywaji chenye nyuzi, na kina nafasi yake siku za joto. Pamoja nacho huja nyuzi za magunia na vipande vya plastiki, ambavyo marufuku ya mifuko ya mwaka 2017 imevipunguza bila kuvimaliza. Hatari kubwa zaidi iko kwenye nepia inayooteshwa kando ya Mto Nairobi na vijito vyake, mahali ambapo maji taka na mabaki ya karakana hupita, na kwenye nyasi za kingo za barabara, ambazo udongo wake ulipokea vumbi la petroli yenye risasi kwa miongo hadi petroli hiyo ilipoondolewa mwaka 2006. Risasi haiozi. Kwa hiyo hata ua wa nyumbani usipandwe malisho upande unaotazama barabara kubwa. Upande huo uachiwe mti wa kukinga vumbi.

Siku hizi wengine huuza suluhisho la trei: shayiri au ngano iliyooteshwa bila udongo kwa siku saba, ikatoka zulia la kijani. Kilo moja ya mbegu hugeuka kilo sita au saba, na muuzaji hupiga picha hapo. Kilichoongezeka ni maji. Mbegu inapochipua huchoma sehemu ya wanga wake, hata chakula kikavu kinachotoka mara nyingi ni kidogo kuliko kilichoingia. Mbuzi hulipenda zulia hilo na ni laini, lakini aliyenunua trei na shayiri amelipa ili apoteze chakula, tena katika chumba chenye unyevu ambacho kuvu hukipenda.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya mpangaji. Wakazi wengi wa Kawangware na Kangemi hawana ua wa kupanda chochote, na wenye ploti wengi wamejenga ukuta wa mawe kwa sababu za usalama ambazo hakuna mwenye haki ya kuzidharau. Kwa mwenye ukuta jibu ni rahisi: mstari wa vichaka hukaa ndani ya ukuta, kivuli kikipunguza mavuno kiasi. Kwa mpangaji naona njia moja tu ya kweli, nayo ni nyua za taasisi. Magharibi mwa Nairobi kuna shule, makanisa, hospitali, na maeneo makubwa ya utafiti: kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya Upper Kabete, taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, hapo Uthiru, na shirika la KALRO. Kila moja ina mzunguko wa mamia ya mita, wenye ua unaokatwa mara kwa mara kwa gharama na majani yake kutupwa. Sheria ya kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini imekwisha kukitambua kilimo na ufugaji ndani ya mji. Kinachokosekana ni makubaliano madogo ya maandishi: kikundi cha wafugaji kipande kaliandra na mforosadi mpakani, kikate kwa zamu, na taasisi ipunguziwe kazi ya kufyeka. Ujuzi wa mimea hii umelala umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mabanda ya Kangemi. Inauma kuona vitu viwili vilivyo karibu hivyo havijakutana vya kutosha.

Limebaki suala la muda, na ndilo linalowakwaza wengi kimya kimya. Kaliandra ikipandwa mvua za Aprili haifai kukatwa kabla ya miezi tisa, na ni heri mwaka mzima upite ndipo ikatwe kwa kimo cha mita moja, kisha kila baada ya wiki nane au kumi. Mforosadi huwahi kidogo, marando huvunwa ndani ya miezi minne. Wafugaji wengi hununua jike mwenye mimba kwanza, wakaanza kutafuta majani siku aliyofika, na kwa kuwa hawakupanda lolote hujikuta mlangoni mwa agroveti wiki hiyohiyo. Anayetaka kukamua Nairobi kwa jani lake mwenyewe aanze na miche mwezi wa nne, ajenge banda kiangazi, na mbuzi amlete mwaka unaofuata, ua ukiwa umefika kiunoni.